Babu alivuta upinde kwa vidole vitupu, mimi vyangu vimeanza kufa ganzi

Shikamoo Mjomba,

Nimekusoma siku nyingi ila sijawahi kuandika, na naomba jina langu ulifiche kabisa maana sisi watu wa Kenya huku Minnesota tunajuana wote. Nina miaka 36, mzaliwa wa Kitui, niko huku mwaka wa tisa sasa, nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee zamu ya usiku, nimeolewa na tuna watoto wawili.

Shida yangu kuna watakaoiona ni ya mchezo mchezo lakini mimi inaninyima raha. Ni vidole vyangu.

Napiga upinde Mjomba. Si hizi pinde za kisasa zenye vigurudumu na vioo vya kulengea, hapana, ni upinde wa mbao tu, unashika, unavuta, unaachia. Miaka mitatu iliyopita mwenzangu wa kazini alinikaribisha kwenye klabu yao, wanapiga shabaha na wale wanyama wa foamu wanaosimamishwa msituni, nikapewa upinde nijaribu, na nilipovuta mara ya kwanza nikalia, mbele za watu, kwa sababu mgongo wangu ulikuwa unaukumbuka huo mvuto. Babu yangu mzaa baba alikuwa mtu wa uta. Wakamba na uta si habari mpya kwako. Nyumbani kwetu msichana hakutakiwa kugusa vitu hivyo lakini babu, jioni bibi akiwa jikoni na wavulana wameenda kurudisha ng'ombe, alikuwa ananiita nyuma ya ghala, anasimama nyuma yangu, anashika viwiko vyangu na kuniambia vuta na mgongo mama, mkono ni ndoano tu. Nilikuwa na miaka tisa. Vidole vyake vya kulia vilikuwa na sugu ngumu kama ukwato, nakwambia alikuwa anaokota kaa la moto kwa vidole hivyo anawashia kiko, analishika taratibu bila haraka yoyote, sisi watoto tunabaki kushangaa.

Basi tangu nianze nikaamua nitapiga kama yeye, vidole vitupu. Klabuni waliniambia siku ya kwanza tu, tafuta kinga ya vidole, nikasema hapana. Mwaka wa kwanza ulienda vizuri, upinde niliokuwa naazima ulikuwa wa paundi 25, yaani nguvu ya kuuvuta. Mwaka jana nikanunua wangu, mfupi, inchi 54, umeandikwa paundi 45 kwa inchi 28, yaani ukivutwa inchi 28, ni mzuri sana na naupenda. Napiga Jumatano na Jumapili, mishale mia na ishirini hivi kila nikienda, na siku nyingine kwenye gereji watoto wakilala. Malengelenge yakaja yakapasuka, zikafuata sugu, nikafurahi mno, nikampigia baba kwa video nikamwonyesha, ona, nimepata vidole vya babu.

Halafu ganzi ikaanza. Mwanzoni ilikuja nikimaliza kupiga na kuondoka kabla sijafika nyumbani. Sasa ni wiki ya saba haiondoki, kidole cha kati na cha pete, ncha zake ni kama zimevalishwa plastiki. Siwezi kufunga vifungo vya shati la mtoto bila kuangalia. Lakini kilichonifanya niandike ni hiki. Wiki mbili zilizopita nilikuwa namwogesha mama mmoja wa miaka 91 pale kazini, asubuhi kabla zamu haijaisha, nikafungua maji nikaweka vidole nikaona yako sawa, vuguvugu, nikataka kumwelekezea. Sijui ni nini kilinifanya nitie kiwiko kwanza. Yalikuwa ya moto Mjomba. Si ya kuchemka, lakini ngozi ya mtu wa miaka 91 ni kama lile ganda la ndani la kitunguu. Nilikaa kwenye kiti cha bafuni nikitetemeka, yule mama ananiuliza una nini binti, nikamwambia hakuna kitu. Sijamwambia mtu yeyote mpaka leo, hata msimamizi.

Sasa sijui nishike lipi. Klabuni kuna mzee mmoja wa miaka sabini na kitu, mkewe alifariki mwaka juzi, ndiye amenifundisha karibu kila kitu. Alipoviona vidole vyangu hakusema neno, baada ya muda akaniletea glavu ya vidole vitatu aliyoishona mwenyewe kwa mkono, ngozi ya kulungu aliyemwinda mwenyewe, mishono midogo midogo, na kwa ndani ameweka herufi za jina langu. Niliivaa. Inapendeza ila mishale yote inaenda kushoto, vidole vinazunguka ndani yake, uzi siusikii kabisa, na mzee amesimama pembeni ananiangalia kama mtu aliyekupikia anasubiri uonje. Nikasema ni nzuri sana, asante. Akiwepo naivaa, akiondoka naivua. Najiona mnafiki.

Kijana mwingine anasema glavu zimepitwa na wakati, nichukue kile kigozi bapa kinachokaa kwenye vidole kwa mbele na uzi unateleza juu yake. Dada mmoja anayepiga upinde wa Kimongolia anasema niachane na vidole vitatu kabisa, nivute kwa dole gumba na pete yake. Baba watoto anasema niache upinde, vidole vyangu ndivyo vinavyolipa nyumba. Na baba yangu nilipomgusia kwa simu akacheka akasema mzee wetu alivuta miaka hamsini bila soksi za vidole, labda Marekani imekulegeza. Alikuwa anatania, najua. Lakini liliingia.

Nikivaa kitu chochote najihisi nimemwacha babu kule nyuma ya ghala. Nikiendelea hivi nitamwunguza mtu. Nisaidie Mjomba, nichague nini, na huyu mzee wa glavu nimwambie nini?

Binti wa Kitui, Minnesota

MJOMBA ANAJIBU

Marahaba mpwa wangu, na asante kwa kuniamini na jambo hili. Sioni mchezo hapa hata kidogo. Mimi mwenyewe huu ni mwaka wa kumi na moja napiga upinde wa mbao huku Ontario, nilianza nikiwa na mvi tayari, kwa hiyo nilipofika pale pa vifungo vya shati la mtoto niliiweka barua chini kwanza.

Nikikuelewa vizuri, vidole viwili vimekufa ganzi wiki saba, kazi yako inategemea vidole hivyohivyo, kila mtu ana ushauri wake, na kila njia unayoifikiria ina mtu wake nyuma, glavu ina mzee, vidole vitupu vina babu, kuacha kuna mumeo. Ungekuwa unachagua ngozi tu ungeshamaliza zamani.

Tuanze na maji maana hayo hayasubiri. Kiwiko kiliwaokoa siku ile, wewe na yule mama. Nyumba nyingi za wazee zina kipimajoto cha maji ya kuogea, kama kwenu kipo kitumie kila mara bila kujiamini, kama hakipo nunua chako, si kitu cha bei kubwa, ukae nacho mfukoni. Habari ya msimamizi naielewa hofu yako, unawaza zamu zitapunguzwa, unawaza wataona hufai, na kweli inawezekana wakakuhamishia kazi nyingine kwa muda na mfuko ukaumia. Lakini tazama na upande wa pili, siku kiwiko kikisahau, na ikajulikana ulikuwa unajua wiki zote hizi, utajieleza vipi, na utalalaje. Hilo utalipima mwenyewe, ninachokuomba ni usilibebe peke yako. Na umesema hujamwambia mtu yeyote, maana yake hata baba watoto anaposema uache upinde hajui habari ya maji. Anabishana na wewe akiwa na nusu ya habari.

Halafu daktari. Ganzi inayokuja ukimaliza kupiga na kuondoka, wapigaji wengi tunaijua, tena nayo ni onyo. Ya wiki saba ni nyingine, hiyo inataka mtu aishike mikono yako aipime. Kila kidole kina mishipa midogo ya fahamu inayopita pembeni, mmoja huku mmoja kule, karibu kabisa na ngozi, na uzi ukibana palepale mara elfu na elfu inaumia. Kidole cha kati mara nyingi ndicho kinachobeba mzigo mkubwa kwa hiyo maelezo yako yanaelekea huko. Lakini umechukulia moja kwa moja kwamba ni uzi, na mimi ningependa ujiulize zaidi kidogo. Dole gumba nalo lina ganzi? Ukiwa umelala unaamka unakung'uta mkono? Basi huenda shida iko kwenye kifundo cha mkono, pale mshipa wa fahamu unapobanwa, na watu wanaoinua na kugeuza wagonjwa kila siku hupatwa nayo hata kama hawajawahi kuona upinde. Mkono wa kushoto je, na nyayo? Huko kuna sukari, kuna upungufu wa vitamini B12, kuna tezi ya shingoni. Mwambie daktari yote mawili, kazi na upinde, na piga picha ya vidole vyako vikiwa vimeshika uzi umwonyeshe, maana madaktari wengi hawajakutana na mpiga mishale na ukisema tu napiga upinde hatajua ni wapi hasa panabanwa. Ukiambiwa upumzike, chukua neno hilo kwa urefu wake. Mshipa wa fahamu ulioumia vibaya ukianza kuota tena unaenda kama milimita moja kwa siku, kwa hiyo kuacha wikendi moja halafu ujaribu Jumatano hakutakuambia kitu.

Na hapa ndipo swali lako lenyewe linaponipa shida. Unataka kuchagua kinga sasa hivi, lakini kinga ya vidole inachaguliwa kwa vidole! Unavaa, unavuta nusu, unasikiliza uzi umekaa wapi, unaachia, unasikiliza umeondokaje. Wewe umesema mwenyewe ncha zimevalishwa plastiki. Glavu ya mzee umeihukumu kwa vidole ambavyo hata maji ya moto havikuyasikia. Huenda kweli haifai. Huenda pia usichokisikia hakihusiani na glavu. Kijana wa kigozi na dada wa pete wanaongea kwa uzoefu wa vidole vizima, na ukianza kununua leo utajaza droo vitu vitatu vinne vyote vikionekana vibaya. Upinde kukaa ukutani miezi miwili, umeulegeza uzi na kuufunika vizuri, si sawa na kuuacha. Najua itauma, hasa kama Jumatano na Jumapili ndizo siku pekee unazopumua. Klabuni unaweza kwenda hata bila upinde, wapo wageni wanaotaka kushikwa viwiko.

Sasa babu. Huyu mzee nimempenda jamani. Lile kaa la moto nimelifikiria sana, na nakuuliza kwa heshima zote, umewahi kujiuliza kama alilishika bila haraka kwa sababu ya ugumu, au kwa sababu vidole havikumwambia kitu? Sugu nene inazuia joto, hilo ni kweli, na huenda ilikuwa sugu tu. Mimi sikumwona, na wewe ulimwona kwa macho ya miaka tisa. Baba yako alimwona kwa macho ya mtu mzima. Muulize, bila ubishi, babu uzeeni alifungaje vifungo, na sindano nani alimtungia uzi.

Muulize na hili, babu alikuwa anaachia mishale mingapi kwa siku. Mwindaji anatoka alfajiri, ananyemelea, anakaa, pengine mshale mmoja, pengine miwili, pengine anarudi na podo lilelile alivyoondoka nalo. Waata wa kule Tsavo ambao pinde zao zilivuta zaidi ya paundi 100 walimfuata tembo mwendo mrefu kwa ajili ya mshale mmoja wenye sumu. Wewe unaachia mia na ishirini jioni moja. Upinde umeandikwa 45 kwa inchi 28, tuseme mikono yako inaishia 27, basi unashika kama 42 hivi, zidisha mara 120 unapata paundi 5,040, yaani zaidi ya tani mbili zimening'inia kwenye vidole vitatu Jumatano, tani mbili nyingine Jumapili, na gereji sijahesabu.

Na uzi wenyewe. Nyuzi za zamani za kwetu zilikuwa kano za mnyama zilizosokotwa. Muulize baba yako uzi wa babu ulikuwa mnene kiasi gani, halafu ulinganishe na wako, maana hizi za kiwandani nyingi ni nyembamba, na umeshabeba ndoo ya maji, unajua tofauti ya mshikio wa waya na mshikio uliozungushiwa kitambaa, maji ni yaleyale. Tena upinde wako ni mfupi. Inchi 54 ukivutwa mpaka shavuni uzi unakunja pembe kali kama paa la nyumba, kidole cha juu na cha chini vinasukumwa kukibana cha kati, ndiyo maana wengi wetu tunaovuta kwa vidole tunapenda inchi 60 kwenda juu. Halafu uliruka kutoka 25 hadi 45 kwa mara moja. Hakuna aliyekusimamisha dukani? Nasema haya yote kwa sababu barua yako inazungumza kama kwamba kuna kosa moja tu, vidole kuwa vitupu, na mimi naona huenda makosa ni matano na hilo ni mojawapo, na ngozi yoyote utakayovaa haitayaondoa yale mengine manne.

Kwa hiyo ukiruhusiwa kurudi, hata njia ya vidole vitupu siifuti. Ingekuwa upinde wa paundi 25 au 30, mrefu, mishale thelathini basi, uzi ukae ndani kwenye mkunjo wa kwanza wa kidole na si kwenye ncha. Wapo pia wanaovisha mirija midogo ya mpira kwenye uzi pale vidole vinaposhika, mshale unapungua mwendo kidogo lakini mkono unabaki bila kitu. Hatari yake ni kwamba mshipa uliokwisha kuumia hausameheki kama mpya, na wewe nakuona ni mtu wa kusema thelathini ukapiga tisini.

Glavu ina kitu ambacho huku kwenye baridi tunakithamini, ukishaivaa umeisahau, unaokota mshale, unafungua mlango wa gari, ipo tu. Lakini inataka kubana. Vidole vikizunguka ndani ni kwamba ni pana, na glavu pana kwa mtu wa mkono wa kulia inaweza kabisa kupeleka mshale kushoto, uzi hautoki kwa pamoja. Baridi ikiingia vidole vinasinyaa, iliyokutosha Julai inakupwaya Novemba. Halafu mpya yoyote inataka mishale mingi kabla haijapata mfereji wake pale uzi unapokaa, na mfereji nao ukizidi kina unaanza kuushika uzi. Poda ya mtoto kidogo inasaidia iteleze.

Kile kigozi bapa ndicho ninachotumia mimi, nakuambia mapema ujue naegemea wapi. Ni kipande cha ngozi chenye tundu la kuingiza kidole, kinafunika vyote vitatu kwa mbele, kuna cha ngozi ya ndama yenye manyoya, kuna cha ile ngozi ngumu ya matako ya farasi wanayoiita kodovani, inang'aa na haichakai upesi. Uzi unateleza kwenye sakafu moja, na hisia ya uzi inabaki kwa kiasi fulani. Unakikata kwa mkasi kifuate mkono wako, na hapo nikusihi ukate kidogo kidogo, changu cha kwanza nilikikata kwa pupa ncha ya kidole cha pete ikabaki nje na hakuna namna ya kurudisha. Vingine vina kipande kati ya kidole cha shahada na cha kati ili mshale usibanwe, kwa upinde mfupi hilo si jambo dogo. Ubaya wake, kinazungukazunguka ukitaka kushika kitu kingine, na kikiwa chembamba kwa paundi 45 ni kama hujavaa.

Pete ya dole gumba nisikudharaulie. Waturuki, Wamongolia, Wachina wamevuta hivyo karne na karne, Wakorea mpaka leo wanapiga shabaha iliyo mita 145. Hata huko Marekani kwenyewe Ishi, yule mtu wa kabila la Yahi aliyetokea Oroville, California mwaka 1911 na akamfundisha daktari Saxton Pope kupiga upinde, alivuta kwa gumba. Kwa upinde mfupi inaeleweka kabisa kwa sababu uzi unashikwa mahali pamoja. Ila mshale unahamia upande wa pili wa upinde, na kama wako umechongwa kijirafu cha kuwekea mshale kushoto hautafaa, utaanza upya miezi mingi, na ule mzigo wa vidole vitatu unaingia kwenye gumba moja ambalo usiku huohuo unalitumia kumnyanyua mtu kitandani. Kama daktari atasema shida ni kifundo cha mkono, njia hii muulize yeye kabla hujamuuliza dada wa klabu.

Na mzee. Umesema aliviona vidole hakusema neno, akaenda kushona. Mtu wa namna hiyo, aliyekufundisha miaka mitatu, unadhani hajaona mishale inayoenda kushoto? Hajaona mkono mtupu unapomwona anaondoka? Huenda na yeye anasubiri useme. Unaweza kunyamaza, wengi tungenyamaza, hatari yake ni kwamba atajua na atadhani umeikataa zawadi, kumbe wewe vidole havisikii. Unaweza kumrudia nayo kama mtu anavyomrudia fundi na nguo ya kwanza, ukamwambia vidole vinazunguka hapa na hapa, na kwamba kuna ganzi na unaenda kwa daktari. Fundi wa mkono anajua kubana mshono, na kuna wanaofurahi sana kuulizwa. Au ataumia kidogo. Au ataibana vizuri kabisa na bado isikufae, hapo utakuwa na mazungumzo ya pili magumu kuliko ya kwanza, hilo nalo lipime. Mkewe alifariki mwaka juzi, na hiyo mishono midogo midogo nadhani ni jioni zake nyingi, kwa hiyo vyovyote utakavyosema sema mkiwa wawili, mmekaa, na glavu iwe mkononi mwako.

Baba yako mtanie na wewe, mwambie akalete kaa la moto. Ila babu mwenyewe, kama ulivyomwandika, sikumsikia mahali popote akikufundisha vidole. Alishika viwiko. Alisema vuta na mgongo, mkono ni ndoano tu. Unasema ukivaa ngozi utakuwa umemwacha nyuma ya ghala, nami nabaki kujiuliza ni kipi hasa alichokupa pale, na kimekaa wapi mwilini mwako, maana siku ya kwanza klabuni umesema ni mgongo uliokumbuka.

Niandikie ukitoka kwa daktari, hata mistari miwili, uniambie kidole cha kati kinasemaje. Na yule mama wa miaka 91 mpime maji kwa kiwiko na kwa kipimajoto, vyote viwili, mpaka hapo.

Mjomba wako